Wali Bila Ndizi

Juzi, katika mji wa baridi ninakoishi sasa, niliingia hoteli moja ya zile zenye matawi kila kona, ukiona moja umeziona zote. Ukutani walikuwa wamebandika picha za vyakula vya dunia nzima, kila nchi na bakuli lake, na katikati ya picha hizo nikaona chakula cha kwetu: wali wa manjano, nyama ya mbuzi, pilipili ya kijani. Nikaagiza. Kijana wa kaunta akanipa bakuli la karatasi, na kando yake kikombe kidogo chenye kifuniko. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na ndizi iliyokatwa vipande vya duara na kumwagiwa asali.

"Hiyo ni ya baadaye," akaniambia kwa upole. "Ukimaliza kula."

Ya baadaye! Wallahi damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa tayari kumwita mkubwa wake, na wanaonijua wanajua kwamba nikianza, siishii njiani. Lakini kabla sijafungua mdomo harufu ya ndizi ile ilikutana na harufu ya wali, iliki na bizari na mdalasini, na hasira yote ikaniponyoka. Nikacheka peke yangu mpaka kijana akaniuliza kama niko salama. Maana mimi, nilipokuwa na miaka kumi, niliitendea ndizi hiyo hiyo jambo baya kuliko asali.

Acheni niwaeleze, hasa nyinyi wa rika langu mliolelewa na harufu ya jiko la biashara.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, alikuwa na hoteli mtaa wa Iftin, hapo Garissa. Nikisema hoteli msifikirie vitanda. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza sita, na jiko la kuni nyuma. Haikuwa na jina popote. Watu walisema tu "twende kwa Eddo", yaani kwa shangazi, hata wale waliokuwa na umri wa kumzaa. Baba alikuwa na mifugo upande wa Bute na tulimwona mara chache kwa mwaka, kwa hiyo sare zangu, vitabu vyangu na dawa zangu za malaria vyote vilitoka kwenye meza zile sita. Nililijua hilo mapema sana. Siku ambayo meza zilijaa, Hooyo alitembea kwa namna nyingine.

Jikoni alikuwapo Mwende, mwanamke wa Kikamba kutoka Mwingi, aliyekuwa na sisi tangu nikiwa na miaka minne. Hooyo na mimi tulisema Kisomali, lakini na Mwende ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili cha Hooyo kilikuwa cha mabavu: pilau ilikuwa "bilau", na ngeli alizipita bila kuzisalimia. Mwende alimcheka, naye Hooyo alicheka zaidi. Kiswahili changu hiki ninachojivunia nilikipata hapo, baina ya moshi na vitunguu, si shuleni.

Mtu akiingia kwa Eddo, kabla hajasema anataka nini, aliwekewa bakuli la supu moto ya mifupa, na kipande cha ndimu. Kisha ikaja sahani. Na kando ya sahani ikawekwa ndizi mbivu, nzima, na ganda lake. Ndizi haikuagizwa wala haikulipiwa. Ulimenya kidogo, ukamega kipande kwa vidole, ukakitia ndani ya tonge la wali na nyama, ukala vyote kwa pamoja, utamu na chumvi na mafuta na pilipili. Mkungu ulitundikwa kwenye ndoano ya chuma nyuma ya mlango wa jikoni, na kazi ya kugawa ndizi ilikuwa yangu kila nilipotoka shule. Niliifanya kwa maringo, kama mtu anayegawa vyeti.

Na msinisikie vibaya, sisemi chakula chetu kilishuka kutoka mbinguni bila kuguswa na mtu. Baasto, ile tambi ndefu tunayoipenda kupita kiasi, tuliipata kwa Waitaliano. Pilau na sambusa zilikuja na watu wa mbali. Mwende naye alitia mkono wake: nyanya nyingi, dania nyingi, mpaka mchuzi wetu ukawa wa Garissa upande mmoja na wa Mwingi upande wa pili, na wateja walioapa kwamba ni mchuzi wa bibi zao hawakuambiwa neno. Sina ugomvi na chakula kinachobadilika. Ngojeni mtaona ugomvi wangu ni nini.

Basi ikaja Hoteli ya Vioo. Jina lake halisi lilikuwa la Kizungu na lilikuwa limeandikwa kwa taa, lakini hakuna aliyelitumia. Ilikuwa tawi la kampuni kubwa ya Nairobi, na waliijenga ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mabati yetu. Ilikuwa na milango ya vioo inayojifungua yenyewe, na mashine ya kutoa baridi. Nyinyi mliokulia kwenye joto la Garissa mnajua maana ya baridi saa nane mchana. Watoto tulikuwa tunapita mlangoni makusudi, polepole, ili mlango ufunguke na baridi itupige kifuani, kisha mlinzi atufukuze, kisha turudi tena. Juu ya kaunta kulikuwa na picha za kuku na chipsi zinazowaka, kila picha na namba yake. Ulisema namba, ukapewa karatasi yenye namba nyingine, ukangoja kipaza sauti kikuite. Niliona ni maajabu. Niliipenda hoteli ile kwa moyo wangu wote, na hilo nalisema bila haya.

Ndani ya wiki chache meza zetu zikaanza kupumua. Vijana wa maofisini walivuka barabara wakaenda kwenye baridi. Wafanyabiashara wa mifugo walibaki, lakini wao walikuja asubuhi; saa za mchana Hooyo alikaa mlangoni akijipepea na kipande cha katoni. Siku moja meneja wa Vioo akaja kumwamkia. Alikuwa kijana wa Kisomali wa Islii, kule Nairobi, viatu vinang'aa, na Kisomali chake kilikuwa kimejaa mashimo ambayo aliyaziba kwa Sheng.

"Mathe, chakula yako ni noma," akamwambia. "Funga hii mabati ukam kwangu. Nitakupea aproni, kofia, mshahara kila mwisho wa mwezi. Hutanusa moshi tena."

"Haye," Hooyo akasema, neno letu la kumaliza mazungumzo bila kukubali wala kukataa.

Alipoondoka, Hooyo akaenda kuchochea kuni. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta kifuniko cha soda, na ndipo nilipomsikia akimwambia Mwende habari ya semina. Ofisi moja ya serikali ilikuwa na semina ya mwezi mzima, na ilitaka mtu wa kuwalisha washiriki chakula cha mchana kila siku. Jumamosi wangekula kwetu kwa majaribio, Jumamosi ya pili yake wangekula Vioo, kisha waamue.

"Nikipata hii, tunaishi," Hooyo akasema. "Nikikosa, mimi navaa ile kofia. Na wewe, Mwende, sijui."

Mwende alikuwa na binti yake shuleni huko Mwingi. Nilisikia kisu chake kikisimama juu ya ubao, kisha kikaendelea.

Sasa hebu fikirini akili ya mtoto wa miaka kumi aliyesikia hayo. Niliamua nitaiokoa hoteli. Nikachunguza kama daktari. Kule Vioo kumejaa, huku kwetu kutupu: tofauti ni nini? Baridi sikuweza kuileta. Taa sikuwa nazo. Lakini kulikuwa na tofauti moja niliyoiweza. Kule hawatoi ndizi. Na nilikuwa na ushahidi. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alikuwa amewahi kula kwetu, akaitazama ndizi yake, akanishika kichwa na kucheka: "Hodan, nyumbani kwenu mnachanganya matunda na wali kama uji wa mtoto?" Alikuwa anatania tu, namjua sasa. Lakini nililala na maneno yale siku tatu. Ndizi ilitutia aibu. Ndizi ilikuwa inafukuza watu. Kila mchana mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nilikuwa nawawekea wateja kitu cha kuwafukuza!

Jumamosi ile mikungu miwili ilikuwa kwenye ndoano, imetoka mashamba ya mto Tana, imeiva vizuri. Jua lilikuwa limechomoza kidogo. Hooyo alikuwa amekwenda kuchagua mbuzi, na Mwende alikuwa nje mbele anafagia. Nikavunja vichane kimoja kimoja, nikavijaza kwenye karai, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mbuzi wa mtaa walikuwa pale, mnawajua mbuzi wa Garissa, wanaokula katoni, kamba na magazeti. Walikuwa wanane. Nilipowamwagia ndizi hawakuamini. Mmoja, jike lenye pembe moja, alinitazama kwanza kana kwamba anauliza nani amekufa. Kisha wakala na maganda yote. Nilikwenda na karai safari tano. Sikuona huruma hata chembe, niliona fahari.

Saa saba wageni wakaingia, watu thelathini, watano kila meza. Wengi walikuwa watu wa kwetu, wa Garissa na Wajir, na wachache walikuwa wametoka Nairobi. Supu ikaenda, supu ikarudi mabakuli matupu. Mama mdogo Sahara, binamu yake Hooyo aliyekuja kusaidia siku hiyo, akapeleka sahani. Wali ulisimama kama kilima, nyama juu yake inameta. Nikajiweka mlangoni kuona ushindi wangu.

Hakuna aliyekula.

Walinawa mikono, wakakaa, wakatazama sahani. Kimya kama maji mtungini. Kwetu mtu mwenye adabu haanzi kula wakati mwenyeji bado analeta, na kwa macho yao Hooyo alikuwa bado analeta, kwa sababu nani amewahi kuona wali ukiletwa bila ndizi? Basi wakangoja. Wageni wa Nairobi, walipoona wenyeji wao wamenyamaza na kuinamisha vichwa, wakadhani ni wakati wa dua. Wakainamisha vichwa vyao pia. Mmoja akafumba macho kabisa.

Na mimi pale mlangoni nilidhani wamepigwa na butwaa kwa uzuri wa sahani isiyo na aibu. Nilitabasamu, jamani. Nilitabasamu huku wali unapoa.

Mwishowe mzee mmoja wa Wajir, mwenye ndevu za hina, akageuza shingo kuelekea jikoni. "Eddo," akaita taratibu, "ndizi bado?"

Nilimwona Hooyo akigeukia ndoano. Ilikuwa tupu. Aliigusa kwa mkono, kana kwamba macho yake yanamdanganya.

"Mwende! Ndizi iko wapi?"

"Si zilikuwa hapo, Mama Hodan."

"Ufunguo wa mlango ya nyuma iko na nani?" Sahara akadakia, na akauliza kwa Kiswahili makusudi ili Mwende asikie kila neno. "Si iko na huyu? Hawa watu wa bara hawajatuzoea na hawatatuzoea. Kule ng'ambo wamemwahidi kitu, wamemwambia aharibu."

Hooyo alikuwa na watu thelathini wanaomngojea. Ndiyo sababu ninayompa, na sijapata nyingine. Alimgeukia Mwende akamwuliza, "Mwende. Ni wewe?"

Mwende akaweka mwiko chini.

"Miaka sita, Mama Hodan," akasema. "Miaka sita, unaniuliza hivyo?"

Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwangu, na nililijua, na nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nikajikausha. Nimefanya mambo mengine ya kipumbavu maishani na nimeyasahau, lakini lile la kusimama kimya nikimtazama Mwende akiulizwa, hilo linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Hooyo hakungoja jibu. Alivuta mtandio wake, akatoka kwa mlango wa mbele, mbele ya wageni wote, na kuvuka barabara. Nilimfuata mbio. Milango ya vioo ikajifungua na baridi ikatupiga. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikwenda moja kwa moja hadi kaunta, akiwa na masizi mashavuni na harufu ya mbuzi.

"Mathe! Leo umekam!" meneja akashangaa.

"Wewe unatengenezea watoto maziwa ya ndizi," Hooyo akasema. "Nipe ndizi. Kesho nitakurudishia."

Angeweza kumkatalia. Angekaa tu na kutazama kupitia vile vioo vyake wakati semina ile inamwangukia mikononi kama embe. Kijana yule wa Islii akaingia ndani, akatoka na katoni nzima kutoka kwenye friji.

"Chukua zote. Mimi siwezi nyima mtu ndizi, babangu angenilaani. Lakini mathe, niambie kitu moja, usinifiche. Wazee wanakuja hapa mara moja, halafu hawarudi. Kuku yangu ni mbaya?"

Hooyo alikuwa tayari amebeba katoni. Akasimama.

"Kuku yako haina makosa. Lakini juzi nimesikia mpaka kwangu wewe umeita mtu mzima namba arobaini na tatu. Huyo ana jina. Baba yake ana jina. Babu yake ana jina, anaweza kukuhesabia mpaka ishirini nyuma. Wewe unamwita namba."

"Si mimi, mathe, ni kompyuta inaita."

"Basi kompyuta ikule hiyo chakula," Hooyo akasema, na tukatoka.

Ndizi zilikuwa baridi kama barafu. Niliziweka mimi, moja kando ya kila sahani, mikono inakufa ganzi, na nilipoweka ile ya mwisho nikasikia "Bismillah" kutoka meza zote sita. Wakala. Walikula mpaka sahani zikang'aa, na wale wa Nairobi wakaangalia wenzao wanafanyaje, wakamega ndizi, wakaitia kwenye tonge kwa woga. Yule aliyefumba macho aliomba ya pili. Mzee wa ndevu za hina alipokuwa anaondoka alimwambia Hooyo, "Wali wako ulikuwa umepoa, lakini na ndizi yako imetoka kwenye barafu, basi hakuna aliyemlaumu mwenzake." Akasema watatuma habari.

Jikoni mwiko wa Mwende ulikuwa pale pale alipouweka. Alikuwa ameingia chumbani kwake nyuma ya hoteli, na hakutoka. Hooyo aligonga baada ya swala ya alasiri. Hakufunguliwa. Jirani ndiye aliyetuambia kwamba Mwende ameuliza basi la Mwingi linaondoka saa ngapi, na kwamba ni saa nne asubuhi.

Asubuhi ile ya Jumapili nilitumwa kumwaga maji machafu. Nikafungua mlango wa nyuma nikiwa na lile karai.

Walikuwa wananingoja. Wote wanane, wamejipanga, na jike la pembe moja limetangulia. Waliponiona wakalia kwa furaha wakanizunguka. Mmoja akatia pua ndani ya karai, mwingine akanivuta nguo. Nikarudi nyuma hatua moja, wakaingia nami jikoni. "Tokeni!" nikawanong'oneza. "Tokeni, nawaambia!" Hawakutaka. Wakanifuata kila nilipokwenda, na jike lile likapita moja kwa moja hadi nyuma ya mlango, likainua kichwa na kutazama ndoano.

Hooyo alikuwa amekaa kwenye kigoda akisafisha mchele. Aliwatazama mbuzi. Akanitazama mimi. Akalitazama karai.

"Hooyo," akaniita, kwa maana kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile mtoto analomwita yeye, "mbuzi hawa wanakujua tangu lini?"

Nililia kabla sijasema. Nikasema yote, mwalimu, uji wa mtoto, Vioo, safari tano za karai. Nilijua nitapigwa, na kusema kweli nilitamani nipigwe. Hooyo hakuinua mkono. Alimwaga mchele ule kwenye sinia, akanishika kiganja, akanivuta hadi chumba cha Mwende. Safari hii hakugonga, alisukuma mlango.

Mwende alikuwa amekaa kitandani na begi mapajani.

"Walaal," Hooyo akasema.

Hilo ni neno la ndugu, la tumbo moja. Alikuwa hajawahi kumwita Mwende hivyo hata siku moja. Alikaa chini sakafuni, miguuni pake, mwanamke ambaye mji mzima ulimwita shangazi.

"Walaal, mimi nimekosa. Nimekuuliza swali mbaya. Nisamehe. Huyu hapa ndiye mwizi."

"Najua," Mwende akasema. "Nikifagia nilimwona ndani na karai. Nilidhani anapeleka maganda."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ni mtoto wako, mbele ya yule dada yako, wageni wamejaa? Nani angeniamini, Mama Hodan?"

Hooyo akalitazama begi. "Na basi? Saa nne imepita."

Mwende alinikata jicho, halafu midomo yake ikaanza kucheza.

"Nina nguo tatu tu. Nimezikunja na kuzikunjua tangu alfajiri. Nilikuwa namngoja huyu."

Nikamwomba msamaha huku kamasi zinanitoka. Ndipo Mwende akaniuliza kwa nini, hasa kwa nini, na nikamweleza utafiti wangu: Vioo hawatoi ndizi na wamejaa, sisi tunatoa na hatuna watu. Walitazamana. Hooyo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akalalia goti la Mwende, na Mwende akacheka mpaka begi likaanguka na zile nguo tatu zikatawanyika sakafuni, na jikoni tukasikia sufuria zinaanguka kwa sababu tulikuwa tumewasahau mbuzi.

"Hooyo," mama akaniambia baadaye, akinifuta uso, "kila kitu pale mtu anakiomba. Wali anauomba, nyama anaiomba. Ndizi peke yake anapewa bila kuomba. Usiniondolee hiyo."

Habari ya semina ilikuja baada ya wale watu kula Vioo nao. Chakula cha mchana kwa Eddo, chai ya saa nne na keki kwa Vioo. Tukaishi. Sahara aliletwa kwa Mwende kuomba radhi na aliomba kwa shingo upande, lakini aliomba. Na Hoteli ya Vioo haikufa, msitegemee hadithi ya namna hiyo. Ipo mpaka leo na imeongeza ghorofa. Mwezi uliofuata picha ya ndizi ilitokea juu ya kaunta, inawaka, na namba yake, na bei yake. Mji mzima ulicheka: ndizi ya kulipia! Meneja akaiondoa namba. Baadaye nilimwona akitoka nyuma ya kaunta, akimwuliza mzee mmoja jina lake, na jina la baba yake, akiandika kwenye karatasi. Mwende alibaki nasi miaka mingine saba, mpaka binti yake alipomaliza shule.

Kwa hiyo pale kwenye mji wa baridi sikumwita mkubwa wa mtu yeyote. Nilichukua kile kikombe nikakimimina chote juu ya wali, asali na yote, nikala. Asali ilikuwa nyingi mno na mbuzi alikuwa mkavu, lakini si mbaya, nakubali. Kijana wa kaunta alikuwa ananitazama. Nilipomaliza nikamwuliza jina lake, na la baba yake, na nikamwonyesha jinsi ya kumega. Alisema walipofundishwa kazi hawakuambiwa. Nikamwambia hata mimi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, na njiani nikashuka Mwingi. Mwende sasa ana hoteli yake, meza nane, pale barabarani. Anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula cha kwao, na kando ya kila sahani anaweka ndizi, nzima, na ganda lake. Mteja mmoja alinieleza kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni mila ya Wakamba tangu zamani. Sikumbishia. Mwende alinikumbatia, akanikalisha, akaniletea supu kabla sijasema nataka nini, kisha sahani. Kando yake akaweka ndizi mbili.

"Mbona mbili?" nikamwuliza.

"Moja yako," akasema, tayari amegeuka kurudi jikoni. "Moja ya mbuzi."